Krono-: Jinsi wakati unavyopimwa na kupangwa, kwa mifano ya Iringa

Mkoa wa Iringa una mahali patatu ambapo kila mwalimu wa historia angependa kuwapeleka wanafunzi wake. Pa kwanza ni Isimila, korongo lenye nguzo za udongo na zana za mawe, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Pa pili ni Mlambalasi, magharibi mwa mji, penye miamba ambako Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikatisha uhai wake ili asikamatwe na Wajerumani. Pa tatu ni Kalenga, palipokuwa na ngome yake na ambapo leo pana makumbusho yanayohifadhi fuvu lake.

Kila mahali pana tarakimu zake. Isimila husemwa kuwa na umri wa miaka 260,000. Kalenga ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alifariki tarehe 19 Julai 1898. Vitabuni tarakimu hizo hupigwa chapa kwa wino uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, na msomaji huzipokea kama kwamba zote zimetoka kwenye chungu kimoja. Ukweli ni kwamba zimepatikana kwa njia zisizofanana hata kidogo. Moja imetokana na kemia ya mifupa, nyingine na daftari la jeshi la kikoloni. Elimu inayoziweka tarehe kama hizo katika mfuatano huitwa kronolojia, na jina hilo limeanza na kipande cha Kigiriki, krono-.

Uchambuzi huu unakifuata kipande hicho: kilikotoka, maana inayobebwa nacho, maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa kazi hiyohiyo, na jinsi kinavyotusaidia kuisoma historia ya Nyanda za Juu Kusini. Mjadala huu hauwahusu wanaisimu peke yao. Tanzania sasa ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo walimu wanahitaji maneno ya kueleza jambo lililo gumu kuliko kutaja tarehe, yaani namna tarehe ilivyojulikana.

Khronos na nduguze

Wagiriki wa kale waliuita wakati khronos. Lilikotoka neno hilo kabla ya Kigiriki halijathibitishwa. Wataalamu wa historia ya lugha wamependekeza asili mbalimbali na hakuna iliyokubaliwa na wote. Lililo wazi ni matumizi yake. Khronos ni wakati unaopita na unaoweza kuhesabiwa: muda wa safari, umri wa mtu, miaka ya utawala. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu maumbile, aliueleza wakati kuwa ni hesabu ya mwendo kwa kufuata kilichotangulia na kilichofuata. Maelezo hayo yana mambo mawili ambayo tutayakuta tena na tena: hesabu na mfuatano.

Neno hilo huchanganywa mara nyingi na jina la Kronos, baba wa Zeus katika hadithi za miungu ya Wagiriki, ambaye aliwameza watoto wake. Kwa Kigiriki majina hayo mawili huanza kwa herufi tofauti, kapa na khi. Lakini Wagiriki wenyewe walikwisha kuyafananisha tangu zamani, wakisema kwamba wakati nao huwala wote uliowazaa. Ni fumbo zuri, ila halithibitishi asili moja. Anayeandika kwamba kronolojia imetokana na jina la mungu huyo amepotea.

Khronos hakuwa peke yake. Palikuwa na aion, enzi ndefu au umilele. Palikuwa na hora, msimu au sehemu ya siku. Palikuwa pia na kairos, wakati unaofaa kwa jambo fulani, wakati uliowadia. Tofauti ya khronos na kairos wasomaji wengi wa Kiswahili wameshakutana nayo bila kuambiwa. Katika Matendo ya Mitume 1:7, na tena katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike 5:1, maneno hayo mawili ya Kigiriki yamewekwa bega kwa bega, na Biblia ya Kiswahili imeyapa maneno nyakati na majira.

Mkulima wa Iringa anaielewa tofauti hiyo vizuri. Mkoa una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, machipukizi mapya ya mlanzi yanapotoka. Mtu akisema jambo fulani lilitokea msimu wa ulanzi, hakutaja tarehe, lakini aliyekulia huko anajua mara moja shamba lilikuwa katika hali gani, njia zilikuwaje na watu walikuwa wakishughulika na nini. Huo ni wakati wa kairos. Akiongeza kwamba ni mwaka uliofuata baada ya tukio fulani linalojulikana, ameanza kuingia katika khronos.

Kipande kinachohitaji mwenza

Ndani ya istilahi za kisasa, krono- karibu kila mara huambatana na kipande kingine, na ni hicho kingine kinachosema wakati unafanywa nini. Kronometa imeungwa na metron, kipimo: ni chombo cha kuupima wakati. Kronolojia imeungwa na logos, yenye maana ya hoja, mpangilio au elimu: ni kuupanga wakati kwa kutoa sababu. Kronografia imeungwa na tendo la kuandika. Sinkronia ina syn, pamoja, na dayakronia ina dia, kupitia: maneno hayo mawili yalienea katika isimu kutokana na mihadhara ya Ferdinand de Saussure iliyochapishwa mwaka 1916, moja likihusu lugha ilivyo katika kipindi kimoja, la pili likihusu ilivyobadilika kipindi hadi kipindi. Anakronia ni kukiweka kitu katika wakati usio wake.

Kupima na kupanga ni kazi mbili tofauti, na kutozitenganisha huleta mkanganyiko mwingi katika masomo ya historia. Mtu anaweza kujua kwa uhakika kwamba jambo A lilitangulia jambo B bila kujua mwaka wa lolote kati ya hayo. Anaweza pia kuwa na kipimo cha miaka ambacho kina shaka kubwa, ilhali mfuatano wenyewe hauna shaka. Tuziite kronolojia ya mfuatano na kronolojia ya miaka.

Kihistoria, mfuatano ulitangulia. Wagiriki walihesabu kwa michezo ya Olimpiki, wakianzia mwaka tunaouita sasa 776 kabla ya Kristo, na katika karne ya tatu kabla ya Kristo Eratosthenes wa Cyrene alitunga kitabu cha kuyaunganisha matukio ya miji mbalimbali katika mkufu mmoja. Eusebius wa Kaisaria aliendeleza kazi hiyo katika karne ya nne baada ya Kristo. Karibu mwaka 1000, al-Biruni aliandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa kilicholinganisha kalenda za Waajemi, Wayahudi, Wakristo, Waislamu na mataifa mengine. Wote hao walikuwa na tatizo moja: kila taifa lilikuwa na mwanzo wake wa kuhesabu, na bila daraja kati ya hesabu hizo hakuna anayeweza kusema lipi lilitangulia.

Upimaji sahihi ulifika baadaye. Kronometa ya baharini ya John Harrison, iliyojaribiwa katika safari ya kwenda Jamaica mwaka 1761, iliwawezesha mabaharia kujua wako wapi kati ya mashariki na magharibi, kwa sababu dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani uzi mmoja kwa dakika nne. Hesabu hiyo inafanya kazi hata Iringa. Saa rasmi ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nao mji wa Iringa uko karibu nyuzi 35.7. Tofauti ni nyuzi 9.3, sawa na dakika 37. Kwa hiyo jua linapofika utosini Iringa, saa za mkononi zinasoma, kwa wastani wa mwaka, dakika 37 baada ya saa sita. Kipimo ni sahihi, ila ni makubaliano ya eneo zima, na mahali penyewe pana wakati wake wa jua.

Kiswahili kimeigawa kazi hiyo

Je, Kiswahili kinakosa krono-? Hakikosi maana yake. Kimeigawa kwa maneno mengi, kila moja na kazi yake. Wakati, muda, saa, zamani na dahari yana asili ya Kiarabu; mwaka, mwezi na siku ni ya Kibantu. Muda ni urefu unaopimika. Wakati ni nafasi ambamo jambo hutokea. Dahari ni wakati usio na mwisho. Tarehe limetokana na neno la Kiarabu linalomaanisha kuweka siku ya tukio na vilevile historia yenyewe. Waandishi wa zamani wa pwani walilitumia kwa maana zote mbili. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah kuhusu vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima umechapishwa ukiwa na mwaka 1307 wa Hijria katika anwani yake. Kuweka tarehe katika masimulizi ni desturi ya siku nyingi katika lugha hii.

Tazama vitabu viwili vya Agano la Kale vinavyoitwa Mambo ya Nyakati. Kwa Kiebrania jina lake lina maana ya mambo ya siku. Wafasiri wa kale wa Kigiriki waliviita kwa neno lenye maana ya yaliyoachwa nyuma. Mwishoni mwa karne ya nne Jerome alipendekeza viitwe kronikoni, nalo pendekezo hilo ndilo lililoenea katika lugha nyingi za Ulaya. Kiswahili kimekipata kitu ambacho jina la Kigiriki halina: kimebaki na mambo, yaani matukio yenyewe, na kikaongeza nyakati, yaani mpangilio wake.

Saa nayo ina fundisho. Katika Injili ya Marko sura ya 15, Yesu anasulubiwa saa tatu, giza linaanza saa sita na linafika hadi saa tisa. Hesabu hiyo ya zamani ilianzia macheo, kama ya Kiswahili. Msomaji wa Iringa hahitaji kubadilisha chochote. Saa tatu kwake ni katikati ya asubuhi, kama ilivyokuwa kwa mwandishi. Wasomaji wa lugha zinazohesabu kutoka usiku wa manane wanahitaji maelezo pembeni. Hora ya kale ilikuwa sehemu moja ya 12 ya mchana, kwa hiyo ilirefuka na kufupika kwa misimu. Kwetu karibu na Ikweta mchana haubadiliki sana, ndiyo maana hesabu ya kuanzia macheo imedumu bila kuleta usumbufu.

Hospitalini nako kuna mfano. Ugonjwa ambao madaktari wa Ulaya huutaja kwa neno lililotokana na khronos, kwa kuwa unachukua muda mrefu, Kiswahili kinauita ugonjwa sugu. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Kigiriki kimetazama urefu wa muda. Kiswahili kimetazama kile ambacho muda umekifanya mwilini. Mtu anapoambiwa kisukari chake ni sugu anaelewa kwamba hakitamtoka upesi. Mfasiri ambaye angeng'ang'ania kuingiza wakati katika istilahi hiyo angepoteza neno bora ambalo watu wanalo tayari.

Kanuni inayotokana na mifano hii ni moja: tafsiri tendo linalofanywa juu ya wakati, usitafsiri kipande. Penye kupima tuseme kipimo cha muda au kronometa. Penye kupanga tuseme mfuatano wa nyakati au kronolojia. Penye kudumu tuseme sugu au -a muda mrefu. Istilahi ya kimataifa ina nafasi yake katika sayansi, lakini inapaswa kumfikia mwanafunzi ikiwa imefuatana na tendo linaloelezwa nayo.

Isimila: mfuatano ulipata miaka baadaye

Tuitumie kanuni hiyo kwenye mawe. Mwaka 1951 kijana msafiri, D. Maclennan, alipita Isimila na kuokota zana za mawe. Mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell na wenzake, wakiwemo Glen Cole na Maxine Kleindienst, walichimba hapo kwa utaratibu. Walipata mashoka ya mkono na zana nyingine kubwa zenye makali mapana, za mtindo unaoitwa Acheul kutokana na Saint-Acheul nchini Ufaransa, pamoja na mabaki ya wanyama wakiwemo aina ya kiboko aliyekwisha kutoweka duniani.

Kitu cha kwanza walichoweza kukisema kilikuwa mfuatano. Mchanga na tope vilijipanga kwa tabaka, na tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu mradi ardhi haijavurugwa. Hiyo ni kronolojia isiyo na mwaka hata mmoja, lakini ni imara. Kwa kulinganisha zana na zile za mahali pengine Afrika na Ulaya, wangeweza pia kusema kwamba Isimila ni ya Zama za Mawe za Kale.

Miaka ilihitaji kipimo kingine. Mbinu ya kaboni, iliyotangazwa na Willard Libby mwaka 1949 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960, haikufaa. Kaboni ya mnururisho hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikifika miaka 50,000 hivi inayobaki ni kidogo mno kupimika. Mbinu iliyotumika ni ya uraniamu na thoriamu. Uraniamu huyeyuka katika maji na kuingia katika mfupa uliofukiwa. Thoriamu haiyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo thoriamu inayokutwa ndani ya mfupa huchukuliwa kuwa imezaliwa na uraniamu iliyooza humo. Ukipima uwiano wa viwili hivyo unakadiria muda uliopita. Hivyo ndivyo miaka 260,000 ilivyopatikana, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972.

Sharti la mbinu hiyo ni kwamba mfupa, ukishapokea uraniamu, usiendelee kupokea wala kupoteza nyingine. Mifupa haitii sharti hilo kikamilifu, kwa kuwa maji huendelea kupita ndani yake. Kwa hiyo 260,000 ni makadirio yenye upana mkubwa kila upande, na ndivyo inavyofaa kusomwa. Mwongozaji anayemwambia mgeni kwamba zana hizi zina umri wa takriban miaka robo milioni yuko karibu zaidi na sayansi kuliko anayeitaja 260,000 kama siku ya kuzaliwa.

Nguvu ya kupima inaonekana vizuri zaidi kaskazini mwa nchi. Mary Leakey alipolipata fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus huko Olduvai mwaka 1959, mumewe Louis alilikadiria kuwa na miaka 600,000. Mwaka 1961 kipimo cha potasiamu na agoni katika majivu ya volkano kilitoa 1,750,000, karibu mara tatu ya makadirio hayo. Mfuatano wa tabaka haukuguswa. Kilichobadilika ni urefu wa muda, nao ulibadilisha fikra za dunia nzima kuhusu chimbuko la binadamu.

Majivu, miti na ndimi

Krono- imezaa matawi mengi, na baadhi yamefika Nyanda za Juu Kusini. Tefrokronolojia inatokana na tephra, jivu. Volkano ikilipuka, jivu lake huanguka kwa siku chache juu ya eneo kubwa, na popote litakapokutwa chini ya ardhi linaonyesha wakati uleule. Mlima Rungwe mkoani Mbeya ulilipuka vibaya yapata miaka 4,000 iliyopita na kuacha tabaka la mawe mepesi ambalo wanajiolojia wamelifuatilia. Katika Ziwa Masoko, wilayani Rungwe, matope ya chini yamehifadhi chavua na majivu ya zaidi ya miaka 40,000. Humo husomwa jinsi misitu na mvua zilivyobadilika.

Dendrokronolojia, ya dendron yaani mti, huhesabu pete za shina. Katika nchi za joto kazi hiyo ni ngumu kwa kuwa miti mingi haisimami kukua. Lakini miombo hukua kwa msimu mmoja wa mvua na kupumzika kiangazi, na watafiti wamefaulu kusoma pete zake magharibi mwa Tanzania. Misitu ya miombo ipo Iringa pia, na kila mti unaokatwa kwa mkaa bila kusomwa ni kumbukumbu ya mvua iliyopotea.

Glotokronolojia, ya glotta yaani ulimi, inahitaji tahadhari zaidi. Katika miaka ya 1950 Morris Swadesh alipendekeza kwamba maneno ya msingi ya lugha hubadilika kwa kasi isiyobadilika: katika orodha ya maneno 100, yapata 86 hubaki baada ya miaka 1,000. Ukilinganisha Kihehe na Kibena, kwa mfano, ungehesabu maneno ambayo lugha hizo zinashirikiana na kupata tarehe ya kuachana kwake. Tatizo ni kwamba kasi hiyo si moja kwa lugha zote. Majirani wanaooleana na kufanya biashara pamoja hukopeshana maneno na kuonekana ndugu wa karibu kuliko walivyo. Lugha iliyokopa sana kutoka mbali, kama Kiswahili kilivyokopa Kiarabu, huonekana iliachana na wenzake zamani kuliko ilivyokuwa. Wanaisimu wengi sasa wanakubali mfuatano wa matawi ya lugha na kuiacha miaka. Hapa tena mfuatano umesimama imara kuliko kipimo.

1855 na 1898

Sasa tuje kwa Mkwawa, kwa kuwa katika historia yake krono- inagusa mioyo ya watu. Vitabu vingi huandika kando ya jina lake miaka miwili: 1855 na 1898. Mwaka wa pili umeshuhudiwa kwa maandishi, hadi siku yenyewe. Mwaka wa kwanza ni makadirio, kwa sababu hapakuwa na aliyeandika siku ya kuzaliwa kwake. Alama ya kistari inaiunganisha miaka hiyo kama kwamba ni ndugu wa hadhi moja.

Vivyo hivyo, Munyigumba, baba yake, aliyeziunganisha himaya ndogo za Uhehe, hutajwa kuwa alifariki karibu 1879. Baada yake zikafuata ghasia za urithi hadi Mkwawa akashika utawala. Kisha ghafla tarehe zinakuwa kali: 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski kiliangamizwa huko Lugalo, 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana Friedrich von Schele liliingia Kalenga, 1896 Tom Prince alianzisha boma ambalo mji wa Iringa ulikua kulizunguka. Ukali huo wa tarehe hautokani na matukio hayo kuwa na uzito kuliko kazi ya Munyigumba. Umetokana na kuwapo kwa maofisa wenye kalamu na kalenda ya Kigregori. Mwanafunzi asipoambiwa hivyo atadhani kwamba historia ya Wahehe ilianza pale Wajerumani walipoanza kuiandika, na dhana hiyo ni dhuluma.

Upande wa pili haukukosa kronolojia. Wahehe walikuwa na mfuatano wa watawala, vita na mahamisho, uliotunzwa kwa masimulizi. Alison Redmayne aliyakusanya mengi ya masimulizi hayo na kuyalinganisha na maandishi ya Wajerumani, na makala yake ya 1968 kuhusu vita vya Wahehe bado ni nguzo. Ukoo wenyewe ni mkufu wa wakati: Munyigumba, Mkwawa, Sapi, kisha Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wanahistoria wa Afrika Mashariki walijaribu kuigeuza mikufu ya namna hiyo kuwa miaka kwa kukipa kizazi wastani. Roland Oliver, kwa falme za Uganda, alitumia miaka 27. David Henige, mwaka 1974, aliionya kazi hiyo kwa hoja nzito: orodha za watawala hurefushwa, hufupishwa, na ndugu waliopokezana madaraka hukumbukwa kama baba na mwana.

Kinachosaidia ni kupata kiungo kinachoonekana kutoka pande mbili. Masimulizi ya Bunyoro na Nkore yanakumbuka vita iliyosimamishwa na jua kupatwa huko Biharwe, na wengi wameihusisha na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, kwa kuwa elimu ya falaki inaweza kuhesabu kurudi nyuma. Kwa Uhehe, sotoka iliyoua ng'ombe Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ni kiungo cha aina hiyo: tukio linalokumbukwa kabla au baada ya ng'ombe kwisha linaweza kupewa nafasi karibu na Lugalo. Kalenda nazo zinahitaji daraja. Siku ya Lugalo, kwa mfanyabiashara Mwislamu wa njia ya misafara, iliangukia Muharram ya 1309.

Mfuatano nao unaweza kutoa ushahidi wa aina nyingine. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliidai Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Fuvu lilirudi mwaka 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining. Ukiziweka tarehe hizo mbili mstari mmoja, miaka 35 iliyo kati yake inasema jambo ambalo hakuna hati iliyolisema waziwazi, kuhusu uzito mdogo ambao madola yaliupa msiba wa Wahehe.

Kukosea nyakati

Faida kubwa ya elimu hii ni kutukinga na anakronia. Iringa hutokea kwa urahisi kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba Mkwawa aliipigania Tanzania. Jina la Tanganyika lilitangazwa mwaka 1920 na la Tanzania mwaka 1964. Mkwawa alipigania utawala wake na uhuru wa Uhehe. Taifa lina haki ya kumwenzi kama shujaa wake, na heshima hiyo haipungui tukisema kweli kuhusu wakati wake.

Ya pili ni kuwaita waliochonga zana za Isimila Wahehe wa kale. Kati ya zana hizo na Munyigumba kuna muda mrefu kuliko akili inavyoweza kuukumbatia, na hakuna mfupa wa binadamu uliopatikana pamoja nazo wa kutuonyesha sura ya waliozichonga. Mlambalasi inajaza sehemu ndogo ya pengo. Uchimbaji ulioongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, mwaka 2006 na 2010, ulionyesha kwamba pango hilo lilitumiwa tangu mwisho wa kipindi cha Plaistosini, kilichokwisha miaka 11,700 iliyopita, hadi Zama za Chuma. Yalipatikana mabaki ya watu waliozikwa na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Mahali pamoja pamebeba kifo kinachojulikana siku yake na vifo vinavyojulikana kwa maelfu ya miaka tu. Wote waliolala pale wanastahili heshima, na heshima ya kwanza ni kutowachanganya.

Lugha ya uhakika

Naamini Kiswahili kina kila kinachohitajika kuifundisha elimu hii vizuri, mradi tukitumie kwa nidhamu. Tuna tarehe kwa siku iliyoandikwa na shahidi. Tuna yapata, takriban na karibu kwa makadirio. Tuna kati ya na kabla ya kwa mipaka. Haya ni maneno ya kila siku, lakini kila moja ni dai tofauti la uhakika, na mwandishi wa historia anayeyabadilisha ili kupamba sentensi anamnyima msomaji habari muhimu. Mkwawa alizaliwa yapata 1855. Alifariki tarehe 19 Julai 1898. Kuweka neno moja mahali pake kunatosha kuirudisha kweli.

Kronolojia lenyewe libaki, pamoja na matawi yake ya kisayansi, kwa kuwa ni jina la kazi inayofanywa duniani kote na mwanafunzi wa Iringa anapaswa kuingia katika mjadala huo kwa miguu yake. Lakini lifundishwe kama kazi, wala si kama jedwali la tarehe za kukariri. Kwa kila tarakimu mwanafunzi aulizwe maswali matatu: imepimwa au imepangwa tu, nani shahidi wake, na inaweza kukosea kwa kiasi gani? Shule zilizo jirani na Isimila, Mlambalasi na Kalenga zina maabara ya maswali hayo bila kulipia vifaa. Mwanafunzi atakayejifunza kuyauliza kuhusu jiwe, mfupa na simulizi la babu atayauliza pia kuhusu kila tarehe atakayowekewa mbele maishani, na huko ndiko kuijua historia.